Nani Ametega? Historia ya Chemsha Bongo za Wikiendi na Watu Wasiojulikana Majina

Jumamosi jioni ikifika, simu nyingi za Bariadi zinapokea kitu kinachofanana. Ni picha ya ukurasa wa daftari, miraba imepigwa kwa rula na kalamu ya bluu, kila mraba una herufi moja. Juu pameandikwa kwa mkono: "Tafuta majina kumi ya vyakula." Watu wanaanza. Mmoja kaona "wali", mwingine kaona "ugali" umelala kinyumenyume, wa tatu anabisha kwamba "chai" si chakula. Ubishi unaenda mpaka Jumapili baada ya ibada.

Halafu anatokea mtu mmoja anauliza swali dogo tu: hii katengeneza nani? Kimya. Aliyeituma kaipata kwa shemeji yake wa Maswa, shemeji kaipata kwa mtu wa Lamadi, huyo naye kaipata kwa mtu asiyemkumbuka. Na tuseme "ndizi" imekosewa herufi humo ndani. Hakuna wa kumuuliza.

Basi wadau, hilo swali la nani katengeneza ni la zamani kuliko simu. Ukilifuatilia linakupeleka kwenye moto wa jioni wa Wasukuma, vibaraza vya Unguja na Mombasa, kurasa za gazeti la mkoloni, hadi New York. Na kote huko unakutana na kitu kilekile. Michezo ya maneno imetengenezwa zaidi na watu wa kawaida, majumbani mwao, kwa kalamu zao, halafu wakawapa wenzao bure. Majina yao mengi yamepotea. Ila kuna waliogundua mapema namna ya kuyazuia yasipotee.

KALAGU! KIZE!

Huku Usukumani fumbo lilikuwa na mlango wake wa kuingilia. Mtegaji anasema "Kalagu!" Wasikilizaji wanaitikia "Kize!", yaani lije. Hapo tu ndipo anaruhusiwa kutega. Kwa Kiswahili mlango huo unajulikana na kila mtoto wa darasa la tatu: "Kitendawili!" "Tega!"

Shughuli hizo zilikuwa za usiku. Wanaume na vijana walikaa shikome, yaani kwenye ule moto wa nje ya nyumba ambapo wazee waliwafundisha vijana mambo ya dunia. Akina bibi nao walikuwa na vikao vyao na wajukuu, jikoni au barazani, mahindi yakichomwa. Mchana ulikuwa wa jembe na ng'ombe. Akili ilichezewa jua likishazama.

Sasa angalia kanuni ya mchezo wenyewe, maana ndiyo roho ya habari hii. Ukishindwa kujibu, mtegaji hakupi jibu bure. Anakudai: "Nipe mji." Unampa Mwanza, anaukataa kwa maringo. Unampa Dar es Salaam, anakubali. Anajisifu kidogo jinsi alivyofika mjini na alivyopokewa, ndipo anakufungulia: nyumba isiyo na mlango ni yai, nyumba yenye nguzo moja ni uyoga.

Kwa hiyo jibu lilikuwa na bei. Hailipwi kwa hela, inalipwa kwa heshima: unakiri mbele za watu kwamba umeshindwa, na unamtawaza mwenzako kuwa mwenye mji. Ukishalipa, zamu yako inakuja. Wewe nawe unatega.

Kitendawili chenyewe hakikuwa na mwenyewe. Aliyelifananisha yai na nyumba kwa mara ya kwanza alikuwa mtu, alikuwa na jina na mama yake, lakini hakuna anayemjua. Pale motoni hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu aliyetega usiku ule alikuwa amekaa mbele yako. Kama kitendawili kina kasoro, unambana yeye. Kama ni kizuri, sifa anachukua yeye. Na mji unampa yeye mkononi.

KINYUME CHA UNGUJA

Pwani nako walikuwa na michezo yao. Unguja kulikuwa na namna ya kusema iliyoitwa kinyume. Unachukua silabi ya mwisho ya neno unaiweka mbele. Nyumba inakuwa "mbanyu". Kitabu kinakuwa "bukita". Mtu wa Bariadi akienda kwa mtindo huo atasema ametoka "Dibaria", mkoa wa "Yusimi", na mgeni hatoki na kitu.

Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyechapisha kitabu cha hadithi za Unguja mwaka 1870, aliigusa lugha hiyo. Jina la Steere limebaki vitabuni. Lakini nani alianzisha kinyume? Bila shaka ni vijana waliokuwa na siri zao, wasiotaka wakubwa waelewe. Kama ilivyo kwa vijana wote duniani mpaka leo.

Kinyume kinaonyesha jambo ambalo litarudi mbele: Kiswahili kinakatika vizuri kwenye silabi. Mtoto anaanza shule kwa ba, be, bi, bo, bu. Anayetaka kuchezea maneno ya Kiswahili anaokota vipande hivyo na kuvipanga upya. Shika hapo.

WASHAIRI WALIOWEKA SAHIHI

Kule Mombasa, fumbo lilikuwa jambo la hatari. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, alitunga mashairi wakati Mombasa ya Wamazrui inavutana na Seyyid Said. Mashairi yake mengi yanasema jambo moja huku yakimaanisha jingine. Aliyetakiwa kuelewa alielewa, asiyetakiwa akabaki anasifia vina. Ndiyo maana ya ule msemo wa fumbo mfumbe mjinga, mwerevu ataligangua.

Mashairi ya Muyaka yalikaa vichwani mwa watu miaka mingi kabla ya kukusanywa. Diwani yake ilichapwa mwaka 1940, karne nzima baada ya kifo chake. Kama watu wa Mombasa wasingeyahifadhi kwa mdomo, na kama wasingekuwa wanalitaja jina lake kila wanapoyasoma, leo yangekuwa mashairi ya "mtu mmoja wa zamani".

Mtindo wa kutupiana shairi na kujibiwa ulienea pwani nzima. Mmoja anafunga fumbo kwa beti, mwingine anafungua kwa beti zilezile, vina vilevile. Pemba walikuwepo Kamange na Sarahani, ambao majibizano yao yanatajwa mpaka leo na wapenzi wa ushairi.

Halafu likaja gazeti. Mwezi Januari 1923 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza kutoa Mambo Leo, gazeti la Kiswahili la kila mwezi lililochapwa Dar es Salaam. Lilikuwa la serikali na lilisema ya serikali. Lakini wasomaji waliligeuza kuwa baraza lao. Walituma mashairi, na mengine yalikuwa maswali: nani ajuaye jambo fulani, anijibu. Jibu lilitoka kwa mtu wa mji mwingine kabisa, ambaye hajawahi kuonana na muulizaji. Ukilituma leo, unasubiri mwezi, pengine miwili. Subira yenyewe ilikuwa sehemu ya utamu.

Hapa ndipo tatizo la jina lilipoibuka kwa mara ya kwanza kwa nguvu. Mtegaji hakai tena mbele yako. Yuko Tanga, wewe uko Tabora. Utambana vipi? Utampa vipi mji wake?

Washairi wakapata dawa. Waliweka jina na mahali wanapokaa. Baadaye, kwenye kurasa za mashairi za magazeti kama Uhuru na Mzalendo, ikawa desturi: chini ya shairi kuna jina, sanduku la posta na mji. Wengine waliingiza jina lao ndani ya beti ya mwisho kabisa, ile ya kaditama, ili hata mtu akinakili shairi kwenye daftari lake asiweze kulikata jina bila kuharibu vina. Akili nyingi hiyo!

Na haikulazimu liwe jina la kwenye cheti cha kuzaliwa. Khamis Amani alijulikana kama Nyamaume. Amiri Andanenga alijiita Sauti ya Kiza. Sauti inayotoka gizani, huoni uso, lakini unajua ni ya nani na ukitaka kubishana nayo unajua pa kuielekeza. Jina la kisanii lilificha sura ya mtu bila kumfuta.

Huku Usukumani mamanju wa ngoma walikuwa na ujanja unaofanana. Kwenye mashindano ya Bagika na Bagalu baada ya mavuno, pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja na kugombea watazamaji. Mtunzi anarusha vijembe vya mafumbo kwa mpinzani wake, na ndani ya wimbo anajitaja mwenyewe kwa majina ya sifa. Wimbo ukisafiri kutoka Ntuzu hadi Meatu, jina limepanda nao.

JUMAPILI MOJA NEW YORK

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana ile chemsha bongo ya miraba, yenye maneno yanayolala na yanayosimama yakikutana kwenye herufi, haikutoka kwenye moto wa shikome.

Jumapili ya tarehe 21 Desemba 1913, gazeti la New York World lilitoa mchezo mpya kwenye kurasa zake za burudani. Aliyeutengeneza ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa anafanya kazi gazetini hapo. Umbo lake lilikuwa kama almasi na aliuita "Word-Cross". Wiki chache baadaye maneno mawili ya jina yalipinduliwa wakati wa kuandaa ukurasa, likatoka "Cross-Word". Jina la makosa ndilo likashika dunia nzima. Aliyekosea ni mfanyakazi tu wa gazeti. Jina la mchezo ni lake, na lake yeye halijulikani.

Lakini jambo la kuvutia zaidi ni lililofuata. Mapema mwaka 1914 wasomaji walianza kutuma za kwao. Watu walikaa mezani nyumbani, wakapanga maneno, wakatia kwenye bahasha. Gazeti likawa linapokea nyingi kuliko nafasi iliyopo. Na nyingi zilikuwa na makosa, mpaka akapewa kazi ya kuzisafisha binti mmoja aliyeajiriwa kama katibu, Margaret Petherbridge. Yeye ndiye aliyekuja kuzijengea kanuni, na mwaka 1942 akawa mhariri wa kwanza wa mafumbo hayo kwenye New York Times.

Kuna kichekesho hapo. Mwaka 1924 vijana wawili, Simon na Schuster, walitoa kitabu cha kwanza cha mafumbo ya aina hiyo, kila nakala ikiwa na penseli yake. Waliogopa kuchekwa, hivyo hawakuweka jina la kampuni yao kwenye kitabu. Wakaweka jina la kubuni. Kitabu kikauzwa kama maandazi ya asubuhi, ndipo wakajitokeza wenyewe! Mwaka huohuo New York Times iliukejeli mchezo huo kuwa ni kupoteza muda. Ilichukua miaka 18 gazeti hilo kuanza kuuchapisha.

Na kabla ya hao wote, mwaka 1883, wapenda mafumbo wa Marekani walishaunda chama chao, ambacho leo kinaitwa National Puzzlers' League. Wanachama wake wanatengenezeana mafumbo wenyewe kwa wenyewe, na desturi yao ni kutumia majina ya kujipachika. Hawajawahi kukutana na Sauti ya Kiza, lakini wamefika palepale: mtengenezaji awe na jina, hata la utani, ili sifa na lawama vijue njia ya kumfikia.

WANAFUNZI WALIOITIKISA JESHI

Kisa hiki kinaonyesha inavyokuwa fumbo likiwa na jina la mtu mmoja huku limetengenezwa na wengine.

Mwezi Mei 1944 majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao yalikuwa yanaandaa kwa siri kubwa kuvuka bahari kuingia Ufaransa. Operesheni ilikuwa na majina ya siri. Ghafla majina hayo yakaanza kutokea, moja baada ya jingine, kama majibu kwenye fumbo la gazeti la Daily Telegraph: Utah, Omaha, Overlord, Mulberry, Neptune. Mashambulizi yenyewe yalipangwa mwanzoni mwa Juni!

Wapelelezi walimfuata mtunzi, Leonard Dawe, mwalimu mkuu wa shule iliyohamishwa kutoka London kwa sababu ya vita. Walimhoji, hawakumkuta na kosa. Tarehe 6 Juni majeshi yakavuka, maisha yakaendelea.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1984, mwanafunzi wake wa zamani alieleza upande wake. Alisema mwalimu alikuwa na kawaida ya kuwapa wanafunzi miraba mitupu wajaze maneno, kisha yeye anaandika vidokezo. Wanafunzi walikuwa wanazurura karibu na kambi za wanajeshi, wakisikia maneno mapya, wakayatia kwenye miraba bila kujua uzito wake.

Yaani kwa maelezo hayo, nusu ya kazi iliyosomwa nchi nzima ilifanywa na watoto wa shule, na hakuna msomaji aliyejua. Sifa zilikuwa za mwalimu. Siku ya lawama pia alihojiwa mwalimu.

KIJARIDA CHA BURE CHA MJI MDOGO

Ile ya kutafuta maneno yaliyofichwa kwenye bahari ya herufi, ambayo ndiyo inazunguka sana kwenye simu, nayo ina historia ya mji mdogo. Tarehe 1 Machi 1968, Norman Gibat aliitoa kwenye kijarida chake cha matangazo, Selenby Digest, katika mji wa Norman, jimbo la Oklahoma. Kilikuwa kijarida cha kugawa bure madukani.

Walioipenda haraka ni walimu. Waliomba nakala kwa ajili ya madarasa yao, na kutoka hapo ikasambaa shule hadi shule. Walimu hao majina yao hayapo popote. Lakini bila wao, mchezo ungeishia kwenye mfuko wa sukari.

Inatia moyo hiyo. Haikuhitaji kampuni kubwa wala jiji kubwa. Mji mdogo, karatasi, mtu mwenye muda wa jioni na walimu wenye njaa ya kitu cha kuwafundishia watoto. Vyote hivyo Bariadi ipo navyo.

KWA NINI MIRABA YA KISWAHILI NI SHUGHULI

Aliyewahi kujaribu kutengeneza fumbo la miraba la Kiswahili anajua jasho lake. Maneno karibu yote ya Kiswahili yanaishia na irabu. Ukiweka maneno mawili yanayoishia kwenye safu moja, moja juu ya jingine, safu hiyo inakuwa na irabu mbili zimefuatana kwenda chini. Mbili unaweza kujiokoa na "ua" au "oa". Zikifika tatu, unafuta unaanza upya.

Tena kuna ngeli. Neno "zuri" linaweza kuwa mzuri, wazuri, kizuri, vizuri au nzuri. Mtengenezaji anafurahi kwa sababu anaweza kubadili kiambishi mpaka neno litoshe. Mjazaji ndiye analia, maana jibu analijua ila hajui limevaa nguo gani.

Dawa ipo kwenye kile kinyume cha Unguja. Badala ya kuweka herufi moja kwenye kila mraba, weka silabi moja. Wajapani wanafanya hivyohivyo, kwa sababu maandishi wanayotumia kwenye mafumbo yao yanawakilisha silabi. Kwa Kiswahili inakwenda kama maji. Angalia mraba huu mdogo:

KA – TA
LI – A

Ukisoma kulala unapata "kata" na "lia". Ukisoma kusimama unapata "kali" na "taa". Maneno manne kutoka silabi nne, na mtoto wa darasa la pili anaweza kulifanya. Kulikuza mraba huo hadi silabi tisa bila kudanganya ndiyo kazi ya wikiendi nzima.

Mwingine ni mchezo wa kubadili herufi moja tu, ambao unafaa kabisa kwa Simiyu. Neno lina herufi tano. Likianza na P, wakulima wanalipeleka kwenye mizani. Likianza na K, linamfunga ng'ombe. Likianza na M, usioge karibu nalo. Likianza na T, ni kujisifu. Majibu yako mwisho.

Kazi ya namna hii haitoki nje. Fumbo lililotafsiriwa kutoka Kiingereza haliwezi kujua kwamba pamba na mamba vimetengana kwa herufi moja. Lazima litengenezwe na mtu anayeota kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, kisha akakaa na karatasi.

ZAWADI ILIYOKUWA BIDHAA

Mfano wa karibuni unaujua. Josh Wardle, fundi wa programu aliyekuwa anaishi Brooklyn, alitengeneza mchezo wa kubahatisha neno la herufi tano kwa ajili ya mwenza wake aliyependa michezo ya maneno. Wakacheza wao, wakacheza ndugu zao. Oktoba 2021 akauweka wazi kwa kila mtu. Tarehe 1 Novemba ulikuwa na wachezaji 90. Tarehe 2 Januari 2022 walikuwa zaidi ya 300,000. Kabla Januari haijaisha, New York Times iliununua kwa mamilioni ya dola. Gazeti lilelile lililokejeli mwaka 1924!

Wardle alilipwa na jina lake linajulikana. Kwa nini? Kwa sababu mchezo wake ulikaa mahali pamoja. Mtu alitakiwa kwenda pale pale, akakuta mlango uleule na jina lilelile. Ile picha ya daftari inayozunguka Bariadi haina mlango. Inapita mkono hadi mkono, na kila mkono unafuta kidogo.

KINACHOPOTEA

Kuna watakaosema, sasa tatizo liko wapi? Si vitendawili vyote vilikuwa havina mwenyewe? Si ndiyo utamaduni huo?

Hapana, si sawasawa. Kitendawili cha motoni hakikuwa na mwanzilishi anayejulikana, lakini kila usiku kilikuwa na mtegaji. Alikuwepo mtu wa kubishana naye, wa kumpa mji, na wa kukupokeza zamu. Picha isiyo na jina imepoteza hata huyo wa pili. Ukishindwa hakuna wa kumlipa. Ukishinda hakuna wa kukupa mkono. Ukikuta kosa hakuna wa kulirekebisha, kwa hiyo kosa linaendelea kusafiri miaka.

Na mtengenezaji je? Kakaa Ijumaa usiku, umeme ukikatika anawasha tochi ya simu, anapanga herufi mia moja. Jumatatu anaikuta kazi yake kwenye kundi lingine, juu imekatwa pale alipoandika jina, na anaambiwa "hii umeiona?" Wikiendi ya pili anaweza kutengeneza tena. Ya tatu anaona bora alale. Hivyo ndivyo watengenezaji wanavyoisha. Tunabaki na wasambazaji watupu, na watu wote wakiwa wasambazaji hakuna tena cha kusambaza.

Kwa Kisukuma hali ni nzito zaidi. Mtoto wa Bariadi mjini anajifunza "Kitendawili! Tega!" darasani, iko kwenye kitabu. "Kalagu! Kize!" haiko kwenye kitabu chake. Iko kwa bibi yake, na bibi akiondoka bila kuulizwa anaondoka nayo. Hakuna gazeti litakalokuja kuchukua. Atakayeandika ni mjukuu mwenye daftari na bando la siku.

Dawa ni ileile ya washairi wa magazeti, na haina gharama. Weka jina na mji. Kama hutaki jina lako halisi, jiite Sauti ya Somanda au Mwana wa Ntuzu, poa tu. Usiliandike pembeni ambapo mtu atalikata. Lifiche ndani ya miraba yenyewe, kama beti ya kaditama, liwe moja ya maneno ya kutafutwa. Kama kalagu umeipata kwa bibi, andika na kijiji cha bibi. Sema pia siku ya kutoa jibu. Na ukipokea la mwenzako, pitisha na jina lake, halafu Jumamosi inayofuata utege la kwako, maana ndiyo zamu yako.

Zamani mshindwa alimpa mtegaji mji wa uongo, Mwanza au Dar es Salaam, akaringa nao usiku mmoja. Mtegaji wa leo anaomba mji mmoja tu, wake mwenyewe, uandikwe chini ya kazi yake usifutwe.

Majibu: pamba, kamba, mamba, tamba.